Zana imesafisha msimbo, sasa mradi haukompaili: nifanyeje?

*"Habari mtaalamu. Ninashughulikia mfumo wa mikopo wa SACCOS ulioandikwa kwa Java, upo kwenye Spring Boot 2.7 (kiunzi cha kujengea programu za Java). Nimeambiwa niuhamishie Spring Boot 3. Nikaona heri niusafishe kabisa kabla ya kuhama. Zana ya kihariri changu imepita mradi mzima: imegeuza matangazo ya vigeu kuwa `var`, imegeuza klasi zisizo na jina kuwa lambda (vipande vifupi vya kazi), imeondoa kasti (maagizo ya kugeuza aina ya thamani) zote ilizoona hazina kazi. Kisha mimi mwenyewe nikabadilisha `javax`, mwanzo wa majina ya pakeji, kuwa `jakarta` kila mahali kwa tafuta-na-badilisha. Asubuhi mradi ulikompaili vizuri, jioni ukatoa makosa 100. Nikarekebisha kama thelathini kwa mkono, nikakompaili tena, bado ni 100. Nilifundishwa kwamba kupanga upya msimbo hakubadilishi kazi ya programu. Imekuwaje basi? Mwenzangu anasema zana hizi hazifai, bora mkono. Nirudishe kila kitu nyuma au niendelee? Naogopa kupoteza kazi ya siku mbili."*

Ndugu yangu, tuanze na hiyo 100, maana naona imekukatisha tamaa bure. Kompaila ya Java, `javac`, usipoielekeza vingine huchapa makosa 100 ya kwanza tu, mengine haikuonyeshi. Uliporekebisha thelathini, thelathini mengine yaliyokuwa yamejificha nyuma yakapanda kujaza nafasi. Hukuwa unatwanga maji kwenye kinu. Ongeza `-Xmaxerrs 5000` kwenye vigezo vya kompaila uone jumla halisi. Ukishaiona, usiogope ikiwa kubwa, kwa sababu kosa moja la `import` juu ya faili huzaa kosa jingine kila mahali jina lile linapotumika. Nimeona makosa mengi sana yakitoweka kwa kurekebisha mstari mmoja wa `pom.xml`, faili linaloorodhesha maktaba za mradi.

Sasa maswali yako. Kwanza unauliza kwa nini zana uliyoiamini imekuharibia. Pili unauliza kama urudi nyuma. Jibu la pili nitakupa mapema ili usiendelee kuchosha macho: rudi nyuma, lakini usiachane na zana. Sababu zake zimo ndani ya jibu la kwanza, kwa hiyo nivumilie.

Ulichofundishwa ni kweli, ila kimekatwa nusu. Mwaka 1992 William Opdyke, katika tasnifu yake ya udaktari pale Chuo Kikuu cha Illinois, aliyaeleza mabadiliko haya moja moja, na kila moja akaliambatanisha na masharti yanayopaswa kutimia kwanza. Kubadilisha jina la methodi ni salama *ikiwa* jina jipya halitumiki tayari kwenye klasi ile wala kwenye klasi mama zake. Kuhamisha kigeu ni salama *ikiwa* kadhaa wa kadhaa. Ahadi ya kutobadilisha kazi ya programu imebebwa na masharti hayo. Zana ya kihariri hujaribu kuyakagua kabla ya kugusa chochote, lakini orodha ya masharti katika lugha kama Java ni ndefu kuliko ambavyo mtu yeyote ameweza kuiandika yote, na kila toleo jipya la lugha huongeza mengine. Mwaka 2007 watafiti wa chuo hichohicho walitengeneza programu ndogondogo za Java kwa maelfu, wakazipitisha kwenye zana za kupanga upya msimbo za vihariri vya Eclipse na NetBeans. Walipata hitilafu mpya 21 kwenye Eclipse na 24 kwenye NetBeans. Mojawapo ya njia zao za kuzinasa ilikuwa rahisi kabisa: programu ilikompaili kabla, je, baada ya zana kupita bado inakompaili? Kwa hiyo lililokupata si uzembe wako, na si ajabu.

Kiini cha tatizo ni kwamba mstari wa Java hauna maana ukiwa peke yake. Maana yake inategemea aina iliyotangazwa upande wa kushoto, methodi nyingine zenye jina lilelile, maktaba zilizopo kwenye mradi, hata msimbo ambao bado haujazaliwa. Zana ikigusa mstari bila kuona kimojawapo cha hivyo, hapo ndipo inapokosea. Chukua yale uliyoyafanya, moja baada ya jingine.

`var` iliingia kwenye Java 10, mwaka 2018. Mstari huu ni wa kawaida:

`List<Mkopo> mikopo = new ArrayList<>();`

Yale mabano matupu `<>` huazima aina kutoka upande wa kushoto. Ukiweka `var` pale kushoto, hakuna tena cha kuazima, na kompaila inachagua `ArrayList<Object>`. Mstari wenyewe unakompaili bila neno. Kosa linatokea mistari arobaini chini, pale unaposema `Mkopo m = mikopo.get(0)`, nawe unabaki kukodolea macho mstari usio na hatia. Zana makini huandika `new ArrayList<Mkopo>()` inapoweka `var`. Kanuni iliyoandikwa kwa haraka husahau. Kuna na hili: kigeu kilichotangazwa `List` kingeweza baadaye kupewa `LinkedList`. Kikishakuwa `var` kilichoanza na `ArrayList`, aina yake imefungwa papo hapo, na ugawaji ule wa baadaye unakataliwa.

Lambda nayo si klasi isiyo na jina iliyofupishwa, ingawa inaonekana hivyo. Ndani ya klasi isiyo na jina unaweza kutangaza kigeu `i` hata kama methodi inayoizunguka tayari ina `i`. Ndani ya lambda huwezi, kompaila itakuambia `i` imeshatangazwa. Jingine linalosumbua zaidi: ukiwa na uga wa `final` unaopewa thamani ndani ya konstrakta, na uga mwingine ulioanzishwa kwa klasi isiyo na jina inayousoma ule wa kwanza, kompaila inakubali. Geuza kuwa lambda, kompaila inalalamika kwamba uga ule huenda bado haujapewa thamani. Sheria ya lugha ndivyo ilivyo. Na ukiwa na methodi mbili zenye jina moja, moja inapokea `Function<Mkopo, Integer>` na nyingine `ToIntFunction<Mkopo>`, klasi isiyo na jina ilikuwa inasema waziwazi ni ipi inayoitwa. Lambda `m -> m.getMiezi()` haisemi, na kompaila inarudisha `reference to ... is ambiguous`.

Kasti ni hadithi ileile. `System.out.println((String) null)` inakompaili. Ondoa kasti, haikompaili, kwa kuwa `null` inafaa kwa `String` na kwa `char[]` vilevile. Kasti ile ilionekana haina kazi, kumbe ndiyo iliyokuwa inachagua methodi.

Sasa `jakarta`. Hapa niseme wazi: ulichofanya hakikuwa kupanga upya msimbo. Ilikuwa tafuta-na-badilisha ya herufi, na nina hakika sehemu kubwa ya makosa yako imetoka hapo. Oracle ilipokabidhi Java EE, sehemu ya Java ya mifumo mikubwa ya kibiashara, kwa Eclipse Foundation, haki ya kuendeleza jina `javax` haikwenda nayo, ndiyo maana Jakarta EE 9 ya mwaka 2020 ilihamisha pakeji zake kwenda `jakarta`, na Spring Boot 3, iliyotoka Novemba 2022 na inayodai Java 17, ikafuata. Lakini zilizohama ni zile za Java EE pekee. `javax.persistence`, `javax.servlet`, `javax.validation` na `javax.mail` zimehama. `javax.sql`, `javax.crypto`, `javax.net.ssl`, `javax.naming` na `javax.swing` ni mali ya JDK yenyewe (kifurushi cha msingi cha Java), ziko palepale hadi leo. Mfumo wa mikopo hauwezi kukosa `javax.sql.DataSource` mahali, sasa hivi kwako inaitwa `jakarta.sql.DataSource`, kitu ambacho hakipo duniani.

Na kuna pakeji zilizogawanyika katikati, hizo ndizo huwakamata hata wazoefu. `javax.annotation.PostConstruct` imehama, `javax.annotation.processing` haikuhama. `javax.transaction.Transactional` imehama, `javax.transaction.xa` haikuhama. `javax.xml.bind` imehama, `javax.xml.parsers` haikuhama. Hakuna tafuta-na-badilisha inayoweza kujua hilo kwa kuangalia herufi tano za mwanzo. Zana inayojua aina, kama OpenRewrite, huusoma mradi pamoja na maktaba zake na kujua kila jina linatoka wapi, ndipo inabadilisha. Tofauti ni kubwa mno, na mwenzako anapoviweka vitu hivi viwili kapu moja anakosea.

Halafu msimbo ambao haujazaliwa. Kama mradi wako unatumia Querydsl, maktaba ya kuandikia maulizo ya hifadhidata, klasi kama `QMkopo` hazimo kwenye faili zako. Hutengenezwa wakati wa kukompaili na kichakataji kinachotafuta anotesheni (alama juu ya klasi) ya `@Entity`. Kichakataji cha zamani kinaitafuta ile ya `javax.persistence`. Ukiibadilisha kuwa ya `jakarta`, hakioni `@Entity` hata moja, hakitengenezi kitu, wala hakilalamiki. Kila mahali palipoandikwa `QMkopo` panatoa `cannot find symbol`. Makosa mia mbili, sababu moja, na dawa ni kuweka kile kichakataji cha `jakarta` kwenye `pom.xml`. Ungeyarekebisha kwa mkono hadi mwezi ujao. MapStruct, maktaba ya kunakili data kati ya klasi, ina jambo la jirani: majina ya uga yameandikwa kama maandishi ndani ya `@Mapping(target = "kiasi")`, hivyo ukibadilisha jina la uga na zana isiguse maandishi yale, unapata kosa kutoka kwenye klasi ambayo hukuigusa.

Hadi hapa nimezungumzia makosa ambayo kompaila imeyaona. Naomba usome aya hii inayofuata polepole kuliko nyingine zote, kwa sababu mfumo wako unashika fedha za watu.

Chukua `long jumla = 0;` kisha kitanzi kinachosema `jumla += mkopo.getKiasi();` ambapo kiasi ni `long`. Iwapo mtu au zana imegeuza mstari wa kwanza kuwa `var jumla = 0;`, `jumla` sasa ni `int`. Ungetegemea kompaila ikatae kuongeza `long` kwenye `int`, lakini alama ya `+=` katika Java hukata thamani kimyakimya ili itoshe. Inakompaili. Majaribio yenye mikopo mitatu yanapita. Kisha siku jumla ya mikopo inapovuka 2,147,483,647 inageuka kuwa namba hasi. Kwa shilingi, SACCOS ya wastani hufika huko; mkiweka hesabu kwa senti, mnafika kwa shilingi milioni 21 na kidogo. Zana makini ingeandika `0L` au ingeacha mstari kama ulivyo. Sijui yako ilifanya lipi, ndiyo maana nataka ukague kila `var` iliyoanza na namba. Kama una JDK 20 au zaidi, washa `-Xlint:lossy-conversions`, itakuonyesha kila ugawaji wa namna hii.

Kwenye kasti kuna mtego wa jinsi hiyohiyo. `orodha.remove((Integer) 5)` huondoa thamani 5, `orodha.remove(5)` huondoa kilichopo nafasi ya sita. Na `(long) kiasi * siku` bila kasti yake huzidisha kwa `int` kwanza, kisha ndipo matokeo yaliyokwisha kuharibika yanawekwa kwenye `long`. Zote zinakompaili.

Ndiyo sababu nakwambia urudi nyuma. Makosa yanayoonekana tungeweza kuyamaliza kwa kusonga mbele, inachosha lakini inawezekana. Shida ni yale yasiyoonekana, ambayo sasa yamechanganyika na aina nne za mabadiliko pamoja na marekebisho yako thelathini ya mkono, katika mamia ya faili. Hakuna mkaguzi, hata awe hodari vipi, atakayesoma tofauti hizo zote na kuona `0` iliyopoteza `L` yake. Kusonga mbele ningekushauri kama ungekuwa umefanya badiliko la aina moja tu na makosa yote yana sura moja, mfano `javax.sql` peke yake.

Kazi yako haipotei. Weka hali ya sasa kwenye tawi lake la Git, lipe jina, liache hapo. Utalirudia kama kumbukumbu ya mahali palipo na mitego. Kisha rudi kwenye hali ya mwisho iliyokompaili. Kabla ya kugusa kitu, kompaili kwa Maven au Gradle kutoka mstari wa amri, si kwa kihariri, maana kihariri huwa na picha yake ya mradi ambayo wakati mwingine imechelewa. Kama kuna moduli ambayo kihariri hakijaipakia, zana yake itabadilisha jina huku na kuliacha kule bila kujua.

Baadaye fanya aina moja ya badiliko, kompaili, endesha majaribio, komiti. Kisha aina inayofuata. Anza na uhamisho wa Spring Boot, kwa sababu ndio uliotumwa. Mwongozo rasmi wa Spring wenyewe unashauri kufika toleo la mwisho la 2.7 kwanza, kwa hiyo hakikisha 2.7 yako ndiyo hiyo ya mwisho. Kwa `jakarta` tumia OpenRewrite. Ina hatua ya `dryRun` inayokuandikia faili la mabadiliko bila kugusa msimbo. Lisome kweli, usilipitie juujuu. Ikiwa kuna maktaba ya zamani iliyojengwa juu ya `javax.servlet`, kwa mfano kichujio cha kuingia kwenye mfumo, hakuna zana itakayoitibu ndani ya msimbo wako. Tafuta toleo lake la `jakarta`, na kama halipo hiyo ni kazi ya peke yake.

Lambda zifanye baada ya uhamisho kutulia, moduli kwa moduli. Kasti ningeziacha. Faida ya kuziondoa ni ndogo mno ukilinganisha na hatari niliyokuonyesha, na kwenye msimbo wa fedha mimi hupendelea kasti isiyo ya lazima kuliko kukosa ya lazima. `var` nayo sioni haja ya kuitembeza mradi mzima. Iandike kwenye msimbo mpya, pale upande wa kulia unapotaja aina waziwazi. Hapo wengine hawatakubaliana nami, na wana hoja zao za usomaji, lakini hakuna mwanachama wa SACCOS atakayepata huduma bora kwa sababu tangazo limefupika.

Ukikutana na kundi la makosa, shughulikia la kwanza tu, kompaili tena. Idadi ikiongezeka baada ya kurekebisha usishtuke: kosa la sarufi huizuia kompaila kufika kwenye ukaguzi wa aina, kwa hiyo ukiliondoa unaifungulia njia ya kuona mengine yaliyokuwepo muda wote.

Kuhusu mwenzako, mpe haki yake: ana sababu ya kuogopa. Lakini mkono unakosea zaidi, na unakosea kila mara kwa namna tofauti, ndiyo maana makosa yake ni magumu kuyasaka. Zana ikikosea hukosea kwa namna ileile kila mahali. Ukilijua kosa lake moja, unayatafuta mengine kwa amri moja. Mwombe awe msomaji wa kila komiti yako. Mtu mwenye shaka ndiye anayefaa kwa kazi hiyo.

Kuna hali ambazo maandishi hayatoshi, mtu aje akae nawe mezani. Kama sehemu inayokokotoa riba, marejesho au gawio haina majaribio, usiipitishie zana yoyote kabla hamjaandika majaribio yanayonasa majibu ya leo, na hayo yaandikeni pamoja na mhasibu anayejua majibu sahihi. Kama mradi una kichakataji cha anotesheni kilichotengenezwa na mtu aliyekwisha kuondoka, au unaita klasi kwa majina yaliyohifadhiwa kwenye hifadhidata, mtafute aliyekiandika au mhandisi wa Java aliyewahi kufanya uhamisho huu. Hapo kompaila haiwezi kukuonya hata kidogo. Na kama msimbo wa siku hizi mbili umeshafika kwenye seva inayotumika, acha kusoma hapa, mwambie mkuu wako leo, rudisheni toleo la awali, kisha linganisheni jumla za vitabu tangu siku ile.

Mkuu wako akiuliza itachukua muda gani, usimtajie siku kabla hujaendesha ile `dryRun` na kuhesabu maktaba ambazo hazina toleo la `jakarta`. Hesabu hiyo ndiyo itakayoamua ratiba, kuliko idadi ya makosa. Ukikwama, niandikie tena ukiweka toleo la JDK, amri uliyotumia kukompaili, na kosa la kwanza lote kama lilivyochapwa, bila kulifupisha.